Kuchagua printa ya wino ya kuchapia picha nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi huanza kwa kuulizia bei ya printa. Swali la kwanza lingepaswa kuhusu picha zenyewe: utachapa picha za namna gani, za ukubwa gani, na kila baada ya muda gani? Ukishalijibu hilo, mashine nyingi zitajiondoa zenyewe, na zinazobaki utazilinganisha kwa utulivu. Majibu haya ni kwa mtu anayependa picha zake na anayetaka kuzishika mkononi, si kwa mwenye kiwanda cha uchapaji.

Je, ni lazima ninunue printa, au nipeleke tu picha studio?

Kama unachapa mara mbili tatu kwa mwaka, peleka studio. Nasema hivi bila kusita, kwa sababu adui mkubwa wa printa ya wino ni kukaa bila kazi. Wino hukauka kwenye vitundu vya kichwa cha kuchapia, yaani sehemu inayorusha wino, na kila unapoiwasha baada ya miezi ya ukimya, wino mwingi unaishia kwenye kuizibua badala ya kwenye karatasi. Vilevile, kama unataka mamia ya picha ndogo za sherehe kwa mkupuo mmoja, studio itakushinda kwa gharama na kwa kasi.

Faida ya kuwa na printa nyumbani iko kwingine. Karatasi unachagua mwenyewe. Unachapa, unaitazama picha kwenye mwanga wa sebuleni, unaona uso wa mtoto umekuwa mwekundu mno, unarekebisha na kuchapa tena papo hapo. Picha za faragha hazitoki nje ya nyumba. Halafu kuna jambo lisilo na bei: mtu anayechapa picha zake huanza kupiga kwa makini zaidi, maana karatasi huanika wazi ukungu na mtikisiko ambao skrini ndogo ya simu huuficha.

Printa hizi zinafanyaje kazi, na kampuni zinatofautiana wapi?

Zote hurusha matone madogo mno ya wino kwenye karatasi. Zinatofautiana katika namna ya kulisukuma tone. Canon na HP hutumia joto: kila kitundu kina kipasha-joto kidogo kinachopata moto kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, wino unachemka, povu linatokea, na povu hilo ndilo linalolitupa tone nje. Epson na Brother hutumia kipande cha pizo, ambacho hubadili umbo kikipitishiwa umeme na kuukamua wino bila kuupasha moto. Teknolojia ya joto ilifika madukani katikati ya miaka ya 1980, HP ikitangulia na ThinkJet mwaka 1984.

Kwa macho, picha nzuri hutoka kwa njia zote mbili, kwa hiyo usichague kwa kigezo hiki peke yake. Kinachokuhusu zaidi ni mahali kilipo kichwa cha kuchapia. Printa nyingi za bei ya chini za HP na Canon zina kichwa kilichojengwa ndani ya katriji, yaani kile kisanduku cha wino kinachobadilishwa. Ukibadilisha katriji umepata kichwa kipya, na kikiziba hasara yako ni katriji moja. Kwenye Epson kichwa ni sehemu ya mashine na kimekusudiwa kudumu nayo. Kikiziba kabisa, kukibadilisha kunaweza kukaribia gharama ya kununua printa nyingine. Hiyo si sababu ya kuikimbia Epson, lakini ni sababu ya kutoiacha ilale miezi.

Ninunue yenye rangi ngapi?

Printa ya kawaida ina rangi nne: sayani (buluu yenye ukijani), majenta (nyekundu yenye uzambarau), njano na nyeusi. Inaweza kuchapa picha, na ukiitazama kwa mbali kidogo utaridhika. Shida hujitokeza kwenye sehemu zenye mwanga: shavu lililopigwa na jua, mawingu, shela la bibi harusi. Ili kupata rangi hafifu, printa ya rangi nne hulazimika kutawanya matone machache ya wino mzito, na jicho linaweza kuyaona kama vidoadoa. Ndiyo maana printa za picha ziliongezewa sayani hafifu na majenta hafifu, zikawa na rangi sita. Matone mengi ya wino hafifu hufunika karatasi kwa ulaini, na ngozi inaonekana ngozi.

Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde ina mahitaji yake. Uzuri wake uko katika vivuli vya kati na vya giza, pale ambapo printa dhaifu huunganisha kila kitu kuwa bonge moja la kahawia au kuingiza ukijani usio na asili. Hapo wino wa kijivu na nyeusi nzuri ya picha husaidia, kwa sababu printa haihitaji kutengeneza kivuli kwa kuchanganya rangi tatu na kuomba zilingane. Ukipata nafasi ya kujaribu mashine kabla ya kununua, jaribu na uso wa mtu wa nyumbani kwako, usijaribu na ile picha ya maua iliyomo kwenye mashine.

Tahadhari: idadi haikuambii ni rangi zipi. "Rangi tano" mara nyingi maana yake ni rangi nne pamoja na nyeusi ya pili, moja kwa maandishi na nyingine kwa picha. Hata sita hutofautiana. Epson L805 ina sayani hafifu na majenta hafifu. Epson ET-8550 haina hizo. Ina kijivu na nyeusi mbili. Canon G620 ina kijivu na nyekundu. Zote zinauzwa kama printa za picha zenye rangi sita, na zote zinaweza kazi, lakini si mashine ya aina moja. Soma orodha ya majina ya wino, usiishie kwenye namba.

Juu ya hapo kuna mashine za wapenzi wa picha na wataalamu, zenye wino wa aina nane, kumi au zaidi. Canon PRO-200 ina nane, Canon PRO-300 na Epson P700 zina kumi. Utaona tofauti kwenye picha kubwa za ukutani. Kwa albamu ya familia, rangi sita zinatosha kabisa.

Wino wa kuyeyuka au wa pigmenti?

Hili ndilo swali ningependa kila mnunuzi alitafakari kuliko mengine yote, kwa sababu ukishanunua printa huwezi kubadili mawazo. Mashine hutengenezwa kwa ajili ya wino wa aina yake.

Wino wa kuyeyuka, ambao kwenye boksi huandikwa dye, una rangi iliyoyeyuka ndani ya maji kama chumvi. Ukifika kwenye karatasi ya picha huzama ndani ya tabaka la juu, na uso wa karatasi unabaki uking'aa sawasawa. Rangi zake ni kali na zinapendeza, hasa kwenye karatasi ya kung'aa. Udhaifu wake ni kwamba hushambuliwa kwa urahisi zaidi na mwanga, unyevu na gesi ya ozoni iliyomo hewani. Picha iliyobandikwa ukutani bila kioo, karibu na dirisha, itapauka mapema.

Wino wa pigmenti una chembe ngumu ndogo mno zinazoelea ndani ya maji bila kuyeyuka. Hukaa karibu na uso wa karatasi, hustahimili maji na mwanga kwa muda mrefu zaidi, na kwenye karatasi isiyong'aa hutoa nyeusi yenye kina cha kuvutia. Kwenye karatasi ya kung'aa una kasoro moja: ukiinamisha picha chini ya taa unaweza kuona sehemu zenye wino mwingi ziking'aa tofauti na sehemu nyeupe, na vivuli vikitoa mng'ao wa shaba. Baadhi ya mashine, kwa mfano Canon PRO-300, huongeza wino usio na rangi unaopakwa juu ili kusawazisha mng'ao huo.

Ushauri wangu: kama picha zako zitaingia kwenye albamu au fremu yenye kioo, na unapenda karatasi ya kung'aa, chukua wino wa kuyeyuka. Kama unataka kuuza picha, kufanya maonyesho, au kuchapa kwenye karatasi nzito ya pamba, chukua pigmenti. Usichukue pigmenti kwa sababu tu umeambiwa ni ya kitaalamu.

Printa hii imeandikwa 5760 × 1440 dpi (matone kwa kila inchi), ile 4800 × 1200. Ya kwanza ni bora?

Hapana. Namba hizo zinaeleza jinsi mashine inavyoweza kupanga matone kwa ukaribu, nayo hutumia matone mengi kutengeneza pikseli moja ya picha yako. Zimekuwa kubwa kiasi kwamba hazisaidii tena kutofautisha printa. Ukubwa wa tone una maana kidogo zaidi. Hupimwa kwa pikolita, yaani sehemu moja ya trilioni ya lita, na printa nzuri za picha hurusha matone ya takriban pikolita moja na nusu hadi nne. Hata hapo, rangi zilizomo huamua zaidi.

Je, picha za simu yangu zina pikseli za kutosha?

Karibu kila mara, ndiyo. Kipimo kilichozoeleka ni pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi. Kwa picha ya sentimita 10 × 15 hiyo ni pikseli 1200 × 1800, yaani megapikseli 2.2 tu. A4 nzima inahitaji kama megapikseli 8.7, na A3 kama 17.4. Ukishuka hadi pikseli 240 kwa inchi, A4 inatosheka na megapikseli 5.6, na watu wengi hawataona tofauti.

Tatizo halisi ni faili kupitia programu za ujumbe. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kubanwa, na ikichapwa A4 utaona nywele zimekuwa tope na kingo zina miraba. Omba uletewe faili asilia: itumwe kama hati, kwa barua pepe, au inakiliwe moja kwa moja kutoka kwenye simu. Picha iliyovutwa sana wakati wa kupiga nayo hupoteza ukali, hata kama idadi ya pikseli inaonekana kubwa.

Katriji au tangi?

Printa ya katriji huuzwa kwa bei nafuu, kisha unalipia kwenye wino. Printa ya tangi, ambayo wino wake humiminwa kutoka kwenye chupa, huuzwa ghali zaidi, kisha wino huo unagharimu kidogo kwa kila picha. Epson walianza kuuza printa zao za tangi mwaka 2010, wakianzia Indonesia, na Canon na HP nao sasa wana za kwao. Kwa mtu anayechapa picha kila wiki, tangi linashinda bila ubishi. Picha hula wino kwa namna ambayo barua haili: barua hufunika sehemu ndogo ya karatasi, picha hufunika yote.

Hapo ndipo penye mtego wa idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye boksi. Idadi hiyo kwa kawaida hupimwa kwa kiwango cha ISO/IEC 24711, ambacho hutumia kurasa za ofisini zenye maandishi na michoro. Kwa picha kuna kiwango kingine, ISO/IEC 29102, kinachopima kwa picha za sentimita 10 × 15. Tafuta namba ya picha kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kama haipo, usidhani kwamba "kurasa 300" ni picha 300.

Ukienda na katriji, chagua mashine yenye katriji moja kwa kila rangi. Ile yenye rangi tatu ndani ya katriji moja itakulazimisha uitupe buluu ikiisha, huku njano na nyekundu zikiwa bado zimo. Kumbuka pia kwamba katriji zinazokuja na printa mpya mara nyingi hujazwa pungufu, na sehemu ya wino wake hutumika kujaza mirija mara ya kwanza. Zisipodumu, usishangae.

Naweza kutumia wino wa kampuni nyingine?

Unaweza, na kwa nyaraka mara nyingi hakuna neno. Kwa picha mimi huwa mgumu. Rangi zitabadilika, kwa sababu mipangilio ya printa na ya karatasi imetengenezwa kwa wino wa asili. Uimara wake mara nyingi haujapimwa, na picha inayopendeza leo inaweza kupauka kabla ya nyingine iliyo pembeni yake ukutani. Katriji za kisasa huwa na chipu, na sasisho la programu ya printa linaweza kuzikataa katriji zilizokubaliwa jana. Kama gharama ya wino ndiyo inayokusukuma huko, jibu bora ni printa ya tangi.

Kuna watu wanaotumia wino mbadala kwa ustadi, wakitengenezewa wasifu wa rangi kwa ajili yake, yaani faili linaloeleza jinsi wino huo unavyotoa rangi. Hiyo ni njia halali kwa mwenye muda na subira.

Karatasi ina umuhimu gani?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Printa ya wastani kwenye karatasi nzuri huishinda printa bora kwenye karatasi mbovu, na ukichapa picha kwenye karatasi ya kawaida ya ofisini, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, wino utasambaa ndani ya nyuzi, rangi zitafifia na karatasi itajikunja. Usiihukumu printa kwa karatasi hiyo.

Karatasi ya picha ina tabaka maalumu juu. Nyingi za sasa zina vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza wino papo hapo, ndiyo maana picha hutoka ikiwa kavu unapoigusa. Uzito wa kawaida ni gramu 200 hadi 300. Karatasi ya kung'aa hutoa rangi kali lakini hushika alama za vidole na huakisi taa. Ya satini ni ya katikati, na kwa albamu inayopitishwa mkono kwa mkono ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Isiyong'aa inafaa kwa picha tulivu na kwa fremu. Kuna pia ya baraita, yenye tabaka la salfeti ya bariamu kama karatasi za zamani za chumba cha giza, na ya pamba, ambazo zote ni ghali na zinastahili picha zilizochaguliwa.

Anza na karatasi ya kampuni iliyotengeneza printa yako. Si kwa sababu ni bora kuliko zote, bali kwa sababu jina lake limo tayari kwenye mipangilio. Chaguo la aina ya karatasi kwenye mipangilio ndilo linaloiambia printa imwage wino kiasi gani. Ukichapa kwenye karatasi ya kung'aa huku mipangilio inasema "karatasi ya kawaida", picha itatoka imepauka au imelowa. Malalamiko mengi kuhusu printa mbovu huishia hapo.

Kabla ya kununua, angalia pia karatasi inaingilia wapi. Trei ya chini inayoizungusha karatasi ndani ya mashine haipendi karatasi nene. Njia ya nyuma, inayoshuka karibu moja kwa moja, huipokea vizuri zaidi.

Kwa nini picha hutoka na giza kuliko ninavyoiona kwenye skrini?

Kwa sababu skrini inatoa mwanga na karatasi inauakisi tu, na skrini nyingi zimewashwa kwa ukali kupita kiasi. Watu wanaorekebisha picha kwa ajili ya kuchapa huweka mwangaza wa skrini kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba, ambao ni mdogo kwa mbali kuliko ule unaotoka kiwandani. Kama huna kifaa cha kupimia, shika karatasi nyeupe kando ya skrini, kwenye chumba chenye mwanga wa kutosha, na ushushe mwangaza mpaka ukurasa mtupu wa skrini ukaribiane nayo. Si kipimo cha maabara, lakini kitakuokolea karatasi nyingi.

Rangi zikiwa zimegeuka kabisa, kwa mfano kila kitu kimeelekea waridi au kijani, chunguza mambo mawili. Kwanza, chapa ukurasa wa kukagua vitundu. Huenda rangi moja haitoki. Pili, angalia ni nani anayesimamia rangi. Programu ya kuhariri picha inaweza kusimamia rangi kwa kutumia wasifu wa ICC, ambao ni faili linaloeleza jinsi printa fulani, wino fulani na karatasi fulani vinavyotoa rangi. Programu ya printa nayo inaweza kusimamia yenyewe. Zikifanya kazi hiyo zote mbili kwa pamoja, rangi hurekebishwa mara mbili na kuharibika. Mwachie mmoja. Kama hujui uchague nani, iachie printa, na uhifadhi picha zako katika sRGB, mfumo wa rangi uliopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na ambao vifaa karibu vyote vinauelewa. Adobe RGB ina faida kwa anayejua anachofanya; kwa mwingine huleta rangi zilizopooza.

Nikichapa bila mpaka mweupe, kingo za picha zinakatwa. Ni kasoro?

Si kasoro. Ili isibaki nyeupe pembeni, printa hukuza picha kidogo na kurusha wino hadi nje ya karatasi, kwa hiyo ukingo wa picha hupotea. Juu ya hilo kuna suala la uwiano. Kamera nyingi kubwa hupiga kwa uwiano wa 3:2, sawa na karatasi ya 10 × 15. Simu nyingi hupiga 4:3, na ukiijaza picha hiyo kwenye 10 × 15, sehemu moja ya tisa inakatwa. Ndiyo hiyo inayoondoka na vichwa vya watu waliosimama nyuma kwenye picha ya pamoja. Ikate mwenyewe kabla ya kuchapa, au ruhusu mpaka mweupe. Mpaka unapendeza, na unakupa mahali pa kushikia.

Vipi picha za nyeusi na nyeupe?

Hapo printa ya rangi nne hujulikana upesi. Kijivu chake hutengenezwa kwa kuchanganya rangi, na kosa dogo tu huleta wekundu au ukijani. Mbaya zaidi, picha inayoonekana sawa chini ya taa ya nyumbani inaweza kuonekana na rangi nje kwenye jua. Kama unapenda nyeusi na nyeupe, tafuta mashine yenye angalau wino mmoja wa kijivu. Zenye kijivu mbili ni bora zaidi.

A4 au A3+?

A4 kwa watu wengi. A3+, yenye milimita 329 × 483, ni kwa anayejua tayari ukuta gani anaujaza. Mashine yake huchukua nafasi kubwa mezani, na sehemu ya nyuma na ya mbele huhitaji uwazi wa kupitisha karatasi. Pima meza kwanza. Picha mbili tatu kubwa kwa mwaka unaweza kuzipeleka studio.

Naweza kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye simu?

Ndiyo. Printa karibu zote mpya zina Wi-Fi. Kwa iPhone angalia kama printa ina AirPrint, mfumo wa kuchapa bila waya ulioletwa na Apple mwaka 2010. Kwa Android angalia Mopria, mfumo kama huo, au programu ya mtengenezaji. Kwa picha unayoijali, programu ya mtengenezaji ni bora, kwa kuwa hukupa uchaguzi kamili wa aina ya karatasi na ubora.

Yenye skana na kopi ina ubaya wowote kwa picha?

Haina. Ubora wa kuchapa unategemea kichwa na wino. Skana yake inatosha kunakili picha za zamani za karatasi, na kama kuna albamu ya wazee nyumbani, hiyo ni sababu nzuri ya kuichagua.

Nitazuiaje vitundu visizibe?

Chapa picha moja ndogo yenye rangi zote kila wiki, au angalau kila wiki mbili. Izime printa kwa kitufe chake, usichomoe waya ukutani: kitufe hukirudisha kichwa mahali pake na kukifunika kisikauke.

Mistari ikitokea kwenye picha, chapa kwanza ukurasa wa kukagua vitundu. Safisha kichwa mara moja, kagua tena. Baada ya mara mbili au tatu bila mafanikio, iache ipumzike saa kadhaa, au usiku mzima, ndipo urudie. Kusafisha mfululizo kunamaliza wino, na wino huo wote huenda kwenye sponji ya ndani inayokusanya taka. Sponji ikijaa, printa hugoma. Uliza kabla ya kununua: je, mashine ina kisanduku cha taka ambacho mtumiaji anaweza kukibadilisha mwenyewe, au inabidi iende kwa fundi? Ni swali dogo ambalo wauzaji wachache hulitaja.

Picha zitadumu muda gani?

Kampuni hutoa makadirio ya miaka mingi yanayotokana na vipimo vya haraka, ambapo picha huwekwa chini ya mwanga mkali kisha matokeo hupigiwa hesabu. Henry Wilhelm wa Marekani, mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa katika fani hii, alichapisha mwaka 1993 kitabu kinachohusu uimara na utunzaji wa picha za rangi, na taasisi yake imepima wino na karatasi za kampuni nyingi. Makadirio hayo yasome kwa jozi: wino fulani kwenye karatasi fulani, nyuma ya kioo au bila kioo. Ukibadilisha karatasi, namba haikuhusu tena.

Nyumbani kwako fanya hivi. Iache picha ikauke kwa muda wa siku nzima kabla ya kuiweka nyuma ya kioo, la sivyo mvuke wa kimiminika cha wino utaacha ukungu ndani ya fremu. Epuka jua la moja kwa moja. Tumia albamu isiyo na asidi. Na faili lihifadhi sehemu mbili tofauti, kwa kuwa picha iliyopauka unaweza kuichapa upya, faili likipotea hakuna cha kuchapa.

Vipi zile printa ndogo za picha zisizotumia wino wa maji?

Mashine kama Canon Selphy hutumia utepe: joto huhamisha njano, majenta na sayani kutoka kwenye utepe hadi kwenye karatasi, kisha tabaka la kinga hupakwa juu. Hakuna kitu cha kukauka, kwa hiyo unaweza kuiacha miezi sita na ikaamka salama. Gharama ya kila picha inajulikana mapema, maana utepe na karatasi huuzwa pamoja kwa idadi maalumu. Kizuizi ni ukubwa, kwa kawaida 10 × 15, na karatasi huna uchaguzi. Kwa anayechapa picha ndogo mara chache, ningempa hii kabla ya printa ya wino.

Ninunue printa iliyotumika?

Printa ya picha iliyotunzwa vizuri inaweza kuwa bahati, hasa kubwa za pigmenti ambazo wenyewe wameshindwa kuzilisha wino. Ila usilipe kabla ya kuiona ikichapa. Nenda na karatasi yako. Chapa ukurasa wa kukagua vitundu na uhakikishe hakuna mstari uliokatika kwenye rangi yoyote. Kisha chapa A4 moja yenye anga kubwa la buluu, kwani michirizi hujificha kwenye picha zenye vitu vingi na hujionyesha kwenye anga tupu. Uliza mara ya mwisho ilitumika lini, na ukague kama wino wa mashine hiyo bado unatengenezwa. Muuzaji akisema "inahitaji wino tu" na hawezi kuiwasha mbele yako, ondoka.